Safu Isiyo na Jina

Miaka michache iliyopita niliandika habari iliyosema kwamba kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi kimebaki na ng'ombe mia tatu na ushee. Nilikuwa nimepata faili la takwimu za mifugo kutoka ofisi moja, nikakesha nalo, nikaona idadi iko chini mno ukilinganisha na sifa za kijiji chenyewe. Nikaiunganisha na ukame, nikapata kichwa cha habari kizuri. Gazeti likatoka. Saa nne asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo, mzee," nilisema baada ya kusikia sauti.

"Marahaba, mwanangu. Hao ng'ombe mia tatu umewahesabia zizi la nani?"

Nikaanza kujieleza. Akanikatisha kwa upole. Alisema hiyo namba anaijua vizuri sana, ila si ya ng'ombe. Ni idadi ya kaya za kijiji chao. Amekuwa balozi miaka mingi, nyumba anazijua moja moja. "Sasa nina kijana anaoa mwezi wa nane. Wakwe wakisoma kwamba kijiji kizima hakina ng'ombe, watanielewaje?"

Ugogoni hilo si jambo la kuchekea. Mahari ni ng'ombe, na ng'ombe ni neno la mtu.

Nilirudi kwenye faili. Vichwa vya safu vilikuwa vinne: kijiji, ng'ombe, mbuzi, kondoo. Safu zenyewe zilikuwa tano. Ile ya mwisho haikuwa na kichwa, na mimi usiku ule niliiona kama takataka ya kompyuta, nikaifuta. Kumbe kuna mtu alikuwa ameongeza safu ya kaya katikati, baada ya kijiji, na vichwa havikusogea. Jina "ng'ombe" likakaa juu ya kaya, "mbuzi" likakaa juu ya ng'ombe, "kondoo" juu ya mbuzi, na kondoo wenyewe wakabaki bila jina. Ndio niliowafuta.

Tuliomba radhi gazetini. Lakini swali liliniganda: inawezekanaje mashine ijue namba zote bila kosa hata moja, halafu isijue ni namba za nini?

Aliyenijibu ni dada mmoja anayeandika programu hapa Dodoma. Tulikaa kwenye mgahawa jirani na Nyerere Square, akachukua karatasi ya risiti akaanza kuchora. "Kaka, hili tatizo lina umri kuliko mimi na wewe," alisema. Nikaenda kusoma, nikakuta amelipunguzia umri. Lina zaidi ya miaka mia.

Mwaka 1890 Marekani ilihesabu watu wake kwa mashine za Herman Hollerith. Majibu ya kila mtu yalitobolewa kwenye kadi. Tundu hapa, huyu mwanamume. Tundu pale, ameoa. Kadi yenyewe ilibeba matundu, na maana ya kila tundu ilitegemea mahali lilipo. Mashine ilihisi mahali pa tundu, basi. Anayejua pale mahali panaitwaje alikuwa binadamu. Ukitenganisha kadi na maelezo yake, una karatasi yenye vitobo.

Kompyuta za kwanza zilirithi tabia hiyo. Hapa kwetu kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Miaka iliyofuata haikuwa ya mapenzi. Kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine kulileta vurugu na gharama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ni mwaka mmoja tu baada ya kuamuliwa kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Leo mji huohuo una Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007, chenye ndaki nzima ya masuala ya kompyuta, na sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi hadi tukafika watu 61,741,120. Tumetoka mbali. Lakini lile suala la jina na mahali tumekuja nalo.

Hebu turudi kwenye risiti ya yule dada. Alichora visanduku vitano vilivyoshikana. Kijiji, kaya, ng'ombe, mbuzi, kondoo. Katika lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie huko Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, fungu kama hilo linaitwa strakti, na kila kisanduku ni fildi yenye jina lake. Unapoandika programu unatumia majina: nipe mbuzi, jumlisha na kondoo. Raha tupu. Kisha programu inapita kwa kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yako kuwa amri za mashine, na hapo majina yanaachwa mlangoni. Kama kila kisanduku kina baiti nne, basi "mbuzi" anakuwa "kilichopo baiti ya 12 kutoka mwanzo". Programu inapoanza kufanya kazi, neno mbuzi halimo tena.

Haukuwa uzembe. Kumbukumbu ya kompyuta za enzi hizo ilikuwa finyu na ghali, na mashine haihitaji jina ili ifike mahali. Gharama yake ilikuja baadaye, kwa mwandishi wa programu. Akitaka kuchapisha jedwali lenye vichwa, inabidi ayaandike majina mara ya pili, kwa mkono, kama maneno ya kawaida. Sasa ana orodha mbili. Moja ni strakti, nyingine ni vichwa. Zikiwa sawa siku ya kwanza, nani atahakikisha ziko sawa mwaka wa tatu, kijana mwingine akija kuongeza safu ya kaya?

Hapo ndipo nilipoielewa habari yangu ya Bahi.

Dawa ina jina: uakisi. Ni programu kujitazama yenyewe kwenye kioo na kujiuliza, mimi nimeumbwaje, fildi zangu zinaitwaje? Lugha kama Lisp na Smalltalk zilikuwa na uwezo wa kujitazama mapema. Brian Cantwell Smith aliupa uakisi msingi wa nadharia katika tasnifu yake ya MIT mwaka 1982. Java iliuleta kwa umma mpana mwaka 1997, katika toleo la 1.1. Lakini kioo cha Java kinatazamwa programu ikiwa tayari inakimbia. Inabidi ibebe majina yake mgongoni muda wote na kuyatafuta kila inapoulizwa.

Wenzao wa C++, wanaohesabu kila baiti, hawakutaka mzigo huo. Walichotaka ni kuuliza mapema, wakati kompaila bado ina maandishi yote mkononi. Kompaila inajua majina, si ndiyo inayoyatupa? Basi kabla haijayatupa, iandike vichwa vya jedwali yenyewe. Swali linajibiwa mara moja, kabla programu haijaanza, na inapoanza majina yaliyoombwa yako tayari. Ukiongeza kaya kwenye strakti, kichwa cha kaya kinazaliwa chenyewe, mahali pake. Orodha inabaki moja.

Lugha ya D ya Walter Bright ilikuwa na uwezo huo miaka mingi nyuma. Zig ya Andrew Kelley ilikuja nao pia. C++ yenyewe ilisubiri sana, na watu wake wakaishi kwa ujanja. Kompaila nyingi zina tabia ya kutaja jina refu la kazi inayoendelea, kwa ajili ya kuripoti makosa. Wajanja waligundua kwamba ukiipanga kazi vizuri, jina la fildi linajitokeza ndani ya yale maneno marefu, nawe unalikata kwa mkasi. Ni kama kusimama nje ya dirisha usikilize wanasemaje ndani. Maktaba ya Boost.PFR ilianza kutoa majina ya fildi katika Boost 1.84, Desemba 2023. Njia ya halali ilikuja Juni 2025, kamati ya C++ ilipokutana Sofia, Bulgaria, na kuupitisha uakisi wa wakati wa kukompaili uingie katika C++26. Ni zaidi ya miaka 50 tangu strakti ya kwanza ya C ilipoacha majina yake mlangoni.

Nilipomsikiliza nilifikiria Kolo, kule Kondoa. Nilipanda kwenye ile miamba nikiwa mwanafunzi. Kuna twiga, kuna pofu, kuna watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Mary Leakey alifika mwaka 1951 kuinakili, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Wenyeji bado wanafanya matambiko maeneo hayo. Lakini ukisimama mbele ya picha moja na kuuliza huyu ni nani, mchoraji hakuacha kichwa cha safu. Rangi imedumu, na sisi tunabaki tukipachika majina yetu juu ya safu za watu wengine, kama nilivyofanya usiku ule.

Tukirudi mgahawani, yule dada alifungua kompyuta yake akaniandikia jedwali la Bahi upya. Vichwa vikatoka vyenyewe, vitano juu ya safu tano. Nikafurahi, halafu nikasoma vizuri. Kiliandikwa "ngombe".

"Umesahau alama," nikamwambia.

"Sijasahau. C++ haiitaki." Akanieleza kwamba katika C++ ile alama ya juu inaanzisha herufi iliyonukuliwa, kwa hiyo haiwezi kukaa ndani ya jina la fildi. Ng'ombe anaingia kwenye strakti akiwa amekatwa, na uakisi, kwa uaminifu wake wote, unamrudisha vilevile. Kioo kinaonyesha kilichosimama mbele yake. Mwandishi akiita fildi "x1", mwananchi atasoma x1. Akiiita "surname", mama wa Chamwino atasoma surname. Zamani jina la fildi lilikuwa siri ya fundi. Sasa linaweza kutoka hadi kwenye skrini ya mtu, kwa hiyo fundi anaandika hadharani, kama sisi wa magazeti.

Haskell inamkubali ng'ombe bila ubishi, kumbe. Zig nayo inamkubali ukimfunga kwa alama za kunukuu zenye @ mbele. Tukajaribu ya Zig. Kompaila ikaulizwa majina, ikajibu kijiji, kaya, ng'ombe, mbuzi, kondoo. Nakiri nilisisimka kwa jambo dogo hivyo.

Nilimpigia mzee jioni ile kumsomea jedwali lililosahihishwa, safu kwa safu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha. Kijana wake alikuwa ameshaoa salama. Nikamuuliza kama sasa tuko sawa.

"Tuko sawa," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Na ndama je, mmewaweka wapi?"

Nikaangalia. Fildi ya ndama haikuwepo. Hakuna aliyeiandika.