Hati ya deni iliyotoka kwenye tope la London

Juzi mhariri alinituma kwenye shimo la msingi wa ghorofa moja hapa mjini. Nikauliza ghorofa zitakuwa ngapi, zitagharimu shilingi ngapi, zitakwisha lini. Malori yalinipita mbele ya pua yakitoka na udongo, na sikuuliza hata swali moja kuhusu huo udongo. Usiku, nikiwa kitandani, ndipo nikaikumbuka London.

Mwaka 1954 katikati ya London kulikuwa bado na viwanja vitupu vilivyoachwa na mabomu ya Wajerumani. Kimoja kilikuwa mtaa wa Walbrook, ambako lilikuwa linajengwa jengo kubwa la ofisi. Mwanaakiolojia W. F. Grimes alipewa nafasi ya kuchimba kabla ya zege kumwagwa, akakuta kuta za hekalu la Kirumi. Tarehe 18 Septemba, siku iliyopangwa kuwa ya mwisho, kikatoka kichwa cha marumaru cha kijana aliyevaa kofia. Ni Mithras, mungu aliyeabudiwa na wanaume tu, wengi wao askari na wafanyabiashara.

Magazeti yakaichukua habari hiyo. Jamani, watu walikuja! Inakadiriwa 400,000 walipanga foleni kuangalia mawe kwenye matope. Hata baraza la mawaziri la Churchill likalijadili. Lakini pesa ni pesa: jengo likajengwa, hekalu likavunjwa jiwe kwa jiwe, na mwaka 1962 mawe yakapangwa upya kama mita 100 kutoka pale, juu ya paa la maegesho ya magari. Wakayaunganisha kwa saruji ya kisasa. Ukiuliza mimi, huo ulikuwa mzaha.

Utamu wenyewe ulikuja baadaye. Mwaka 2010 kampuni ya Bloomberg ilinunua kiwanja kile kile, na hadi 2014 wanaakiolojia wakawa chini tena. Zamani kijito kilipita pale, na tope lake, kwa kuwa lilikuwa limelowa na halipitishi hewa, halikuozesha mbao wala ngozi. Vilitoka vitu zaidi ya 14,000. Kati yake vilikuwemo vibao 405 vya kuandikia, vingine vimechongwa kutokana na mapipa yaliyokwisha kutumika. Kibao kilipakwa nta, mtu akaandika kwa kalamu ya chuma. Nta imepotea, lakini mwandishi aliyekandamiza sana aliacha mikwaruzo kwenye mbao, na mikwaruzo hiyo ndiyo Roger Tomlin aliyoisoma. Kitabu chake kilitoka 2016.

Sasa sikiliza. Kibao cha zamani kuliko vyote kati ya vilivyoandikwa tarehe ni cha 8 Januari mwaka 57. Unadhani ni sala? Amri ya mfalme? Wapi! Ni deni. Bwana mmoja, Tibullus, anakiri kwamba anadaiwa dinari 105 na Gratus, kwa bidhaa alizouziwa na kukabidhiwa. Wote wawili walikuwa watumwa walioachwa huru. Nilicheka peke yangu, maana hata duka la mtaani kwetu lina daftari la namna hiyo, na jina langu limo.

Miaka mitatu au minne baadaye malkia Boudica na watu wake waliuchoma mji wote. Halafu tarehe 21 Oktoba mwaka 62 kuna kibao kingine, mkataba wa kusafirisha mizigo 20 ya vyakula kutoka Verulamium hadi London. Mji bado unanuka moshi, watu wanaandikiana mikataba!

Katika karne hiyo hiyo mfanyabiashara mmoja aliyeandika Kigiriki, katika kile kitabu cha safari kiitwacho Periplus, aliutaja mji wa bandari wa Rhapta katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wataalamu wengi wanadhani ulikuwa Tanzania, ila mahali penyewe wanabishania mpaka leo. Bila shaka kule nako kulikuwa na akina Tibullus.

Waingereza nao hawakuwa malaika. Ni baada ya kelele za 1989, mabaki ya ukumbi wa maigizo wa Rose yalipokaribia kufunikwa na jengo, ndipo serikali yao ilipotoa mwongozo mwaka 1990 kwamba suala la mabaki liangaliwe kabla ya kibali cha ujenzi, na gharama ziwe juu ya mwenye mradi. Hekalu la Mithras limerudishwa Walbrook, mita saba chini ya barabara. Lilifunguliwa 2017, kiingilio bure.

Asubuhi nilimpigia simu msimamizi wa lile ghorofa, nikamuuliza udongo wanaumwaga wapi. Alicheka sana, akauliza kama nataka kufyatua matofali. Kisha akanielekeza.