Gari Kuukuu Hufufuliwa Kuanzia Chasisi, Si Rangi

Land Rover ya marehemu baba ilikaa chini ya mwembe hapa Mombasa miaka kumi na mmoja. Kaka yangu alitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. "Huo ni mzoga, mdogo wangu," aliniambia. Nilimkatalia, ingawa alikuwa karibu kusema kweli. Nayaandika haya kwa kuwa wengi hapa Pwani wana gari kama hilo uani, na wengi wakitaka kulifufua huanzia kwa mpaka rangi.

Land Rover zilianza kuuzwa 1948. Uingereza wakati huo chuma kilipatikana kwa mgao baada ya vita, ndipo bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Ya baba ni Series IIA, aina iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1971. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, hivyo kwa mbali gari huonekana zima. Lakini chasisi ni ya chuma, na vilevile ule ukuta ulio kati ya injini na abiria. Chasisi yenyewe ni mabati yaliyochomelewa yakawa kama boksi refu, ndani wazi. Tope huingia, matundu ya kutolea maji yakiziba hubaki humo humo, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Sisi nasi twaongeza: twaosha magari kwa maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi.

Kipimo ni nyundo ndogo. Lala chini, ugonge chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, au nyundo huzama. Kagua zaidi pale springi zinaposhika, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na boriti ya nyuma. Kwetu, pale springi ya nyuma inaposhika, fundi mmoja wa zamani alikuwa ameziba shimo kwa gazeti, akapaka puti, kisha lami juu. Baba alitupakia watoto sita humo kwenda Malindi. Nilipolivuta lile gazeti nilikaa chini kwanza.

Kabla ya kufungua hata nati moja, maliza mambo ya karatasi. Logibuku ilikuwa kwa jina la baba, na gari la marehemu halibadilishwi jina bila hati ya mirathi kutoka mahakamani. Usitie pesa zako kwenye mali ambayo haijagawanywa. Ndugu zangu waliniuzia mafungu yao, kaka akiwa wa mwisho kutia sahihi. Pia, nambari ya chasisi imepigwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na springi. Mwonyeshe fundi kabla hajashika grinda. Ikipotea, gari na logibuku havitalingana, na hapo utahangaika.

Kufungua kulituchukua wikendi mbili. Kurudisha kulichukua zaidi ya miaka miwili. Piga picha kila waya na kila bomba, nati ziweke kwenye mifuko iliyoandikwa. Tangi la petroli, ambalo liko chini ya kiti, litoke kabla ya moto wowote. Usidanganyike kwamba ni tupu. Mvuke ndio hulipuka.

Kwenye kuchomelea ndipo pesa na subira huishia. Weka chasisi juu ya vigingi vilivyo sawasawa, upime kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, pande zote mbili. Kata sehemu moja tu, ichomelee, upime tena, ndipo uende nyingine. Ukikata zote kwa pamoja itapinda, na gari litakwenda upande maisha yake yote. Ukate hadi ufike kwenye chuma kinachong'aa. Kiraka juu ya kutu ni lile gazeti tu. Bati tulilotumia ni la milimita 3.

Rangi ya kuzuia kutu tuliipaka wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu kidogo, tena siku ile ile ya kusafisha chuma. Usiku mmoja wa unyevu wetu watosha kukirudisha kuwa chekundu. Ndani ya chasisi tulipuliza oili nzito kupitia matundu, ambayo tuliyazibua yote. Pale aluminiamu inapokutana na chuma tulitia vipande vya mpira, maana vikigusana penye chumvi aluminiamu huwa unga mweupe.

Siku ya kwanza ya kulitoa, kaka alikuja na nyundo yake mwenyewe. Alilala chini akagonga kila mahali, kisha akawaita wanawe wapande. Sasa twaliosha kwa maji ya bomba peke yake. Wiki ambazo bomba halitoki, gari hukaa na vumbi lake.