Vita Vitakatifu vya Utah: Ugomvi wa Watoto wa Baba Mmoja

Kila ninapofundisha somo la dola na dini, huwapa wanafunzi wangu swali linaloonekana jepesi. Katika jimbo la Utah, nchini Marekani, kuna vyuo vikuu viwili vyenye upinzani mkali katika mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mpira wenye umbo la yai na wachezaji waliovaa kofia ngumu. Je, vyuo hivyo vilianza kupambana mwaka gani? Anayefungua kumbukumbu za Chuo Kikuu cha Utah hurudi na jibu la 1896. Anayefungua kumbukumbu za Chuo Kikuu cha Brigham Young, maarufu kama BYU, hurudi na jibu la 1922. Wanafunzi hudhani mmoja wao amekosea kunakili, kumbe wote wamenakili sawasawa.

Tofauti hiyo inatokana na mechi sita zilizochezwa kati ya 1896 na 1898. Utah inazihesabu. BYU haizihesabu, kwa kuwa wakati huo ilikuwa bado akademia. Ilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1903. Linaloshangaza ni kwamba katika mechi hizo kila upande ulishinda mara tatu. Ukizihesabu au ukiziacha, pengo la ushindi halibadiliki hata kidogo. Kwa nini basi watu wazima wabishane juu ya hesabu isiyomnufaisha yeyote? Kwa sababu, kwa maoni yangu, wanachobishania ni historia yenyewe: nani aliyetangulia, na nani mwenye nyumba.

Mashabiki na waandishi wameupa upinzani huu jina la "Vita Vitakatifu". BYU, iliyoko mjini Provo, inamilikiwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake hujulikana kwa kawaida kama Wamormoni. Wanafunzi wake hufuata kanuni za maadili zinazokataza pombe, kahawa na chai, na timu zake hazichezi siku ya Jumapili. Chuo Kikuu cha Utah, kilichoko Salt Lake City, umbali wa kilomita 70 hivi, ni cha umma. Mtazamaji wa mbali husema haraka kwamba huku wako waumini na kule wasio waumini. Historia inakataa mgawanyo huo.

Wamormoni waliingia katika bonde la Salt Lake mwezi Julai 1847, wakikimbia mateso yaliyokuwa yamegharimu maisha ya mwasisi wao, Joseph Smith, aliyeuawa na kundi la watu wenye silaha huko Illinois mwaka 1844. Mwaka 1850, chini ya uongozi wa Brigham Young, walianzisha Chuo Kikuu cha Deseret. Hicho ndicho kilichokuja kuitwa Chuo Kikuu cha Utah. Mwaka 1875, Young yuleyule alianzisha akademia ya Provo iliyobeba jina lake. Kwa hiyo vyuo vyote viwili vina baba mmoja.

Kilichovitenganisha ni mambo yaliyotokea baada ya mwaka 1850. Reli ya kuvuka bara ilikamilika katika ardhi ya Utah mwaka 1869, ikaleta wachimba madini na wafanyabiashara wasio Wamormoni. Serikali kuu ya Marekani nayo ilizidi kulibana Kanisa kwa sababu ya ndoa za wake wengi, hadi sheria ya mwaka 1887 ikaamuru mali zake zitaifishwe. Mwaka 1890 Kanisa lilitangaza kuachana na ndoa hizo. Mwaka uliofuata chama cha siasa cha Wamormoni kilivunjwa, na wafuasi wake wakajiunga na vyama vya kitaifa. Utah ikakubaliwa kuwa jimbo mwezi Januari 1896, ikiwa na katiba inayotamka kwamba Kanisa na dola havitaungana, wala hakuna kanisa litakaloitawala dola.

Mwaka huohuo mechi ya kwanza ikachezwa. Sidai kwamba katiba ndiyo iliyozaa mpira. Nasema tu kwamba chama kilivunjwa kwa uamuzi wa wakubwa, lakini mstari uliokuwa umewagawa wakazi kwa miongo haungeweza kufutwa kwa tangazo. Ulihitaji mahali pengine pa kuishi, na uwanja ukawa mojawapo ya mahali hapo.

Kwa muda mrefu mkubwa alimwonea mdogo. BYU ilisubiri hadi 1942 kupata ushindi wake wa kwanza katika hesabu yake yenyewe. Mambo yaligeuka alipokuja kocha LaVell Edwards, aliyeiongoza BYU kuanzia 1972 hadi 2000 na kuifikisha kwenye ubingwa wa taifa mwaka 1984. Jimbo likatazama chuo cha Kanisa kikisimama juu ya chuo cha umma. Mwaka 2011 Utah ilijiunga na ligi yenye hadhi kubwa zaidi, BYU ikabaki bila ligi, na majivuno yakahama tena.

Haki inanitaka nitaje pia upande mzito. Hadi mwaka 1978 Kanisa halikuwaruhusu wanaume weusi kupewa ukuhani. Mwezi Oktoba 1969, wachezaji 14 weusi wa chuo kikuu cha jimbo jirani la Wyoming walifukuzwa timuni na kocha wao walipotaka kuvaa vitambaa vyeusi kupinga msimamo huo katika mechi dhidi ya BYU. Tunaosoma habari hizi tukiwa Afrika hatuna ruhusa ya kuzipita juu juu. Anayesema michezo haina siasa awaulize vijana wale 14 walipoteza nini.

Turudi Utah. Jina la "Vita Vitakatifu" linapotosha kwa kuwa katika jukwaa la Utah wamejaa Wamormoni. Kyle Whittingham, aliyeifundisha Utah kwa miaka mingi kuanzia 2005, ni Mmormoni na aliwahi kuichezea BYU. Kuna nyumba ambazo ndugu wawili hukaa benchi moja kanisani Jumapili baada ya kukaa pande mbili za uwanja Jumamosi. Wahenga walisema: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, shika kapu ukavune.

Hata hivyo, madhara yapo. Mwaka 2009, baada ya BYU kushinda, mchezaji wake mmoja mashuhuri alitamka hadharani kwamba anaichukia Utah na watu wake. Baadaye aliomba radhi. Mwenye kushabikia Utah akiwa Mmormoni huweza kutiliwa shaka imani yake. Asiye Mmormoni huweza kujiona mgeni katika jimbo alikozaliwa. Hapo suala si mpira tena. Ni uraia.

Ndiyo maana swali langu la darasani huishia kwa watumishi wa umma. Chuo cha umma hakikuwekwa ili kiwe kambi ya wasioamini, kama ambavyo hakikuwekwa kiwe tawi la Kanisa. Ni cha muumini na cha asiyeamini kwa usawa, na siku kitakapokubali kuitwa cha upande mmoja, kitakuwa kimeivunja ahadi ya katiba ya 1896 bila kubadilisha hata neno moja la katiba hiyo. Chuo cha Kanisa nacho kina haki kamili ya kuishi kwa imani yake, mradi kisidhani kwamba jimbo zima ni sebule yake.

Tangu 2024 timu hizi zimo tena katika ligi moja. Mwezi Novemba mwaka huo BYU ilishinda 22 kwa 21 katika sekunde za mwisho, na mkuu wa michezo wa Utah akatozwa faini kwa maneno yake dhidi ya waamuzi. Ugomvi ungalipo, na nadhani ni heri ubaki uwanjani, palipo na sheria, mwamuzi na dakika 60. Ni ukihamia katika ajira, shule na ofisi za umma ndipo jina lile la vita litakapoanza kusema kweli.