Mgongo Wazi: Safari Ndefu ya Kuufunga

Leo tunamzungumzia mtoto anayezaliwa na uti wa mgongo usiofunikwa. Hali hii huitwa mgongo wazi. Si laana, na mama hana kosa.

Zamani daktari alishona mgongo huo akadhani kazi imekwisha. Lakini kwa watoto wengi maji ya ubongo yalikosa njia, kichwa kikavimba, na mshono ukaanza kuvuja. Mwaka 1955, fundi John Holter wa Philadelphia, Marekani, alipata mtoto mwenye hali hii. Mwaka 1956 akatengeneza vali ndogo ya kupitisha maji hayo kwenye mrija hadi ndani ya mwili. Wengi waliokoka. Ila mrija huweza kuziba, na anayeishi mbali na hospitali huwa hatarini.

Jibu la shida hiyo lilitafutwa hapa jirani, upande wa pili wa Mlima Elgon. Mwaka 2001 hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa Mbale, Uganda. Hapo Daktari Benjamin Warf alitumia kamera nyembamba kufungua njia mpya ya maji ndani ya kichwa, na kuchoma tishu zinazoyatengeneza. Watoto wengi wakaishi bila mrija.

Mgongo wenyewe hufungwa kwa tabaka: uti hurudishwa ndani, utando wake hushonwa usivuje, kisha nyama na ngozi. Upasuaji haurudishi nguvu za miguu zilizopotea. Huzuia viini visifike kwenye ubongo, ndiyo maana siku mbili za kwanza ni muhimu sana.

Kwa hivyo usimfiche mtoto, wala usipake majivu au miti shamba. Funika kidonda kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi ya hospitali, mlaze kwa tumbo, mpeleke mara moja. Akishashonwa, choo kisiguse mshono. Ukiona maji maangavu yakivuja, homa, au kichwa kikikua haraka, rudi siku hiyo hiyo.

Kinga ipo. Mwaka 1991 utafiti ulithibitisha kwamba vidonge vya foliki hupunguza hali hii. Mwaka 2012 Kenya iliagiza unga wa pakiti uongezwe foliki, lakini mahindi tunayosaga wenyewe hayaongezwi. Mgongo hujifunga mwezi wa kwanza wa mimba, kabla mama hajajua. Dada, ukipanga kuzaa, anza vidonge mapema.