Mtumbwi hauna kiti

Leo siandiki juu ya mbolea wala mahindi. Ninaandika juu ya ubao mmoja wa kukalia ndani ya boti. Ubao wenyewe ni mdogo, lakini nusura nipoteze mtu kwa sababu yake, na kwa kuutafuta tena nimejifunza historia ya Luapula ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha.

Ninafanya kazi kwenye shamba dogo upande wa Kinsevere, kaskazini ya Lubumbashi. Najua, ukisikia Kinsevere unawaza paka shaba. Lakini hata huku watu wanakula. Tuko na bwawa ambamo tunafuga samaki, na wakati wa kiangazi maji yake yanamwagilia mboga. Juu ya bwawa tuko na boti ya mbao ya mita 4.20, iliyonunuliwa Kasenga ikiwa imeshatumika na kuletwa kwa lori. Ilikuja na viti vitatu: mbele, katikati na nyuma. Kile cha katikati kilitusumbua. Magunia ya chakula cha samaki hayakulala vizuri, kila mara lazima kuyainua juu ya kiti. Basi mimi, na lisansi yangu ya agronomia, nikatoa amri: ondoeni kile kiti. Wakakikata kwa msumeno, na jioni ile mbao zake zikapikia bukari. Nikajiona mtu mwenye akili.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili maji kidogo chini, tukayachota kwa kopo. Wiki ya tatu, boti ikiwa na magunia matano na vijana wawili, ubavu mmoja ukaachana na mbao za chini. Maji yakaingia yote kwa pamoja. Kijana mmoja alijua kuogelea. Mwenzake hakujua. Alishika gunia, gunia likazama, akashika ukingo wa boti. Tulimtoa kwa kamba. Alikaa juu ya majani akitapika maji, na hakuniambia hata neno moja. Hakuna aliyenilaumu. Njo kile kilichoniumiza zaidi, kwa sababu kila mtu pale alijua nani alitoa amri.

Kesho yake nikamtafuta fundi mzee wa mbao anayeishi karibu na barabara. Watu walisema alikulia Kasenga. Alizunguka boti mara mbili, akaingiza mkono ndani, akagusa pale kiti kilipokatwa.

– Nani alitosha kiti ya katikati?

– Ni miye, Papa.

– Juu ya nini?

– Juu magunia ikuwe na nafasi.

Akacheka, lakini si kwa ubaya.

– Weye mwana, uliwaza ile kiti ni ya kukalia? Kukalia ni faida tu. Kazi yake ni kushika mbavu. Ukiitosha, boti inapasuka sawa ganda ya maharagi. Bwato ya bankambo, ile ya muti moja, haikukuwa na kiti. Haikuwe na lazima. Hii ya mbao, bila kiti inakufa.

Maneno hayo mawili, mtumbwi bila kiti na boti isiyoweza kuishi bila kiti, yalinikalia kichwani. Nikaanza kusoma na kuuliza. Hivi ndivyo nilivyoelewa.

Mtumbwi ni mti mmoja. Fundi anaangusha shina kubwa, analichimba ndani kwa shoka na tezo, anabakiza ubavu na tumbo vikiwa kitu kimoja. Nyuzi za mti zinatoka mbele mpaka nyuma bila kukatwa. Hakuna kiungo, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuachana. Mvuvi anasimama na kusukuma kwa mti mrefu, au anapiga kasia. Kwa vyombo vya namna hiyo watu wa Luapula na ziwa Mweru waliishi kwa vizazi vingi. Wazee wa huko wanasimulia habari ya mama Nachituti: kaka yake Nkuba, mkubwa wa wavuvi Washila, alimuua mtoto wake; Nachituti akaenda kwa Kazembe, mfalme wa Walunda, kuomba alipiziwe; Nkuba alipokufa, mama akamkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji. Maana yake, nchi na maji. Habari hiyo inaonyesha kwamba ziwa lilikuwa na wenyewe, na haki ya kuvua ilitoka kwa mtu. Livingstone alipofika kwa Kazembe mwaka 1867, alikuta ufalme na maji yenye wavuvi.

Kisha mipaka ikaja. Mwaka 1894 Uingereza na dola la Leopold walikubaliana kwamba Luapula ndiyo itawatenganisha. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta katika nchi mbili, na mto uliokuwa njia ukawa mpaka.

Lakini kilichobadilisha boti kabisa ni mji wetu huu. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la shaba likaanza kazi. Maelfu ya wafanyakazi wakakusanywa. Mtu wa mgodi hana shamba, hana muda wa kuvua. Lazima alishwe: unga, chumvi, samaki. Na samaki walio wengi walikuwa Luapula, zaidi ya kilometa 200 kutoka hapa.

Nafasi hiyo waliiona Wagiriki. Wengi wao walitoka visiwa vya Dodecanese, watu waliozaliwa na bahari mbele ya mlango. Wakakaa Kasenga, wakawa wafanyabiashara wa samaki. Walinunua kwa wavuvi, wakasafirisha kwa boti mpaka Kasenga, na kutoka Kasenga kwa lori mpaka Elisabethville. Samaki wengine walikaushwa, wengine walipelekwa wabichi na barafu. Kwa biashara ya namna hiyo mtumbwi hautoshi. Upana wake kwa kawaida haupiti unene wa mti. Ukitaka chombo kipana cha kubeba tani za samaki na barafu, ni lazima uunganishe mbao nyingi. Na ukiunganisha mbao, mzigo unazisukuma nje kutoka ndani, maji yanazisukuma ndani kutoka nje. Hapo ndipo ubao wa kukingama unapopata kazi: unafungwa kulia na kushoto, unazuia mbavu zisifunguke wala zisijikunje.

Kwa hiyo kile kiti nilichokidharau kina maana kubwa katika historia. Pale boti yenye kiti inapochukua nafasi ya mtumbwi, ujue kuna soko kubwa mahali fulani linaita. Kwa Luapula, aliyeita ni Lubumbashi. Sisi, watu wa mji, njo tuliweka kiti ndani ya boti.

Soko lile lilikula na kuharibu pia. Kulikuwa na samaki anaitwa mpumbu. Wakati wa mvua alipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Wavuvi walimngojea njiani na nyavu, kwa sababu njiani ndipo anapopatikana kwa wingi. Mtu wa kilimo ataelewa haraka: huo ni kula mbegu kabla ya kupanda. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu walipungua vibaya, na uvuvi wao haukurudi tena kama zamani. Watu wakageukia samaki wengine, kama pale. Nyavu za nailoni zilipokuja, kazi ikawa rahisi zaidi na samaki wakawa na nafasi ndogo zaidi ya kupona. Leo mezani petu Lubumbashi tunajua sana chisense, wale wadogo wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Kila mara tunashuka kwenda kwa samaki mdogo zaidi.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, Katanga ikajitenga mpaka Januari 1963, na barabara na biashara vikayumba. Mwaka 1973 Mobutu akatangaza zairianisasyo: mali nyingi za wageni zikapewa raia wa Zaire, na wafanyabiashara wengi wa Kigiriki wakaondoka nchini. Lakini ufundi haukuondoka nao. Ulikuwa umeshaingia mikononi mwa watu wa kwetu, wale walioshika msumeno na nyundo wakati wengine walishika daftari. Majina yao sikuyakuta katika vitabu nilivyosoma. Boti yetu ya Kinsevere ilitoka katika mikono ya watoto wao au wajukuu wao.

Sasa turudi kwenye kiti chenyewe. Ba papa alianza kwa kufunga kamba kuzunguka boti pale katikati, akaingiza kijiti kati ya nyuzi mbili za kamba, akakizungusha polepole. Kamba ikajikaza, mbavu zikarudi ndani taratibu. Alama za kiti cha zamani zilionyesha upana wa kweli: mita 1.15. Boti ilikuwa imefunguka sentimeta 7. Akaniambia nisipime kiti kabla mbavu hazijarudi, la sivyo nitatengeneza kiti cha boti mgonjwa. Halafu akakata karatoni kufuata mlalo wa ubavu, kwa sababu ubavu hausimami wima, na kulia hakufanani na kushoto. Karatoni ikawa kipimo cha kukatia ubao.

Kiti kilikaa juu ya ubao mwembamba unaopita ndani ya mbavu, sentimeta 18 chini ya ukingo. Pande zote mbili tuliweka kipande cha tawi lililojipinda lenyewe. Tulilitafuta porini siku nzima. Ukipinda kwa msumeno, alisema, unakata nyuzi za mti, na pale utakapokata ndipo patavunjika. Tukafunga kwa bolti, tukaziba nafasi za chini kwa pamba na lami. Kazi ilichukua siku nne.

Siku nne, lakini ubao wenyewe tuliutafuta wiki mbili. Ba papa alitaka mulombwa, ule mti ambao Watanzania wanauita mninga. Ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu. Ubao wake haujikunji sana ukilowa na kukauka, njo maana mafundi wa mitumbwi na wa boti wanaupenda. Zamani, alisema, ungeupata ukitembea dakika kumi. Sasa kuzunguka Lubumbashi misitu ya miombo imekuwa makala, kwa sababu umeme unakatika na watu lazima wapike. Ndugu yake mulombwa, ule mukula, ulikatwa kwa kasi ya ajabu katika miaka ya 2010, malori yakapita na magogo yakielekea China. Vijana wengi wa rika langu waliingia katika kazi ile. Siwahukumu. Tulimaliza masomo, kazi hakuna, mti uko porini na mnunuzi yuko barabarani.

Ila mimi ni mtu wa mimea, na hesabu ya mulombwa inaniogopesha. Mche wake mchanga unakufa juu kila kiangazi, unabaki mzizi. Mvua ikinyesha unachipuka tena. Unaweza kufanya hivyo miaka mingi, mpaka mzizi upate nguvu ya kushindana na ukame na moto. Hapo tu ndipo shina linapoanza kupanda kweli, na kufikia ubao wa kiti kunahitaji makumi ya miaka. Mti ulionipa kiti changu huenda ulichipuka kabla babu yangu hajaoa.

Nimepanda mbegu za mulombwa kandokando ya bwawa. Nyingi hazikuota. Zilizoota ni 9. Kiangazi kilichopita zote zilikauka juu, na mlinzi akataka kuzing'oa akisema zimekufa. Nilimzuia. Mvua ya Novemba ilipokuja, 6 zilichipuka.

Yule kijana aliyezama amerudi kwenye boti. Sikumlazimisha. Siku ya kwanza alikaa juu ya kiti kipya, akakipiga kwa kiganja mara mbili, akanitazama.

– Hii hautatosha tena?

– Hapana, ndugu. Hii inabakia.

Magunia bado yanatusumbua, tunayainua kila asubuhi. Na ninyi wasomaji, kabla ya kuondoa kitu mahali mlipokikuta, kazini, shambani hata nyumbani, ulizeni kwanza wazee kilikuwa kinashika nini. Mwenye mzee aliyefanya kazi Kasenga, amuulize majina ya mafundi wa boti na ayaandike chini ya andiko hili.