Ukavu wa Kiroho Haukuanza na Sisi

Wasee, kuna swali linazunguka sana kwa vijana wa kanisani huku Mombasa bara: "Mbona nasali na sisikii kitu?" Kesha unaenda, nyimbo unaimba, lakini moyo mkavu kama Januari. Wengine wanaanza kuigiza, wengine wanaacha kanisa kimyakimya. Na ukimwambia mtu, unajibiwa eti huna imani ama una dhambi umeficha.

Mimi nasema hebu tuangalie historia ya hapa hapa kwetu.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, alifika Mombasa na mkewe Rosine. Julai mwaka huo huo Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata siku chache baadaye. Kaburi la Rosine liko Nyali mpaka leo. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Mwezi mmoja kabla ya msiba alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mkewe akiwa kaburini, yeye akarudi kwa tafsiri yake.

1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanza misheni Rabai. 1848 Rebmann akaona theluji ya Kilimanjaro, akaandika, wasomi wengine wa Ulaya wakamcheka. Krapf akaondoka 1853 sababu ya afya. Rebmann akabaki. Mtoto wake akafa, mkewe akafa 1866, macho yakaanza kuzima. Na waumini? Wa kuhesabu tu. Yaani karibu miaka 30, hakuna umati, hakuna shangwe.

Alikuwa akifanya nini muda huo wote? Anasali na hao wachache. Anakusanya maneno ya lugha za watu, moja moja, ya Kiswahili, Kirabai, Kinyanja. Alirudi Ujerumani 1875 akiwa kipofu, akafa 1876. Kamusi yake ya Kinyanja ilitoka 1877, yeye hayupo.

Mwaka huo alioondoka, 1875, ndio Freretown ilikuwa inaanzishwa upande wa Kisauni, makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ukishuka Kengeleni, jina hilo limetokana na kengele yao, iliyogongwa kuwaonya kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakuja. Fikiria kusali hapo: umepoteza mama, kijiji, hata lugha yako, na usiku bado unaogopa kukamatwa tena. Hao ndio walioanza kanisa hapo, na wajukuu zao bado wako.

Sisemi wamisionari walikuwa malaika. Walikuwa na ubabe wao, na Freretown ilikuwa na sheria kali. Lakini kuna kitu hapo cha kushika: ukaribu na Mungu haukupimwa kwa msisimko. Kama ungepimwa hivyo, Rebmann angefunga virago mapema sana.

Sisi tumezoea mahubiri ya dakika moja kwenye simu, kwaya yenye spika kubwa, machozi saa nane usiku. Ni vizuri, sikatai. Ila hisia zikikatika tunadhani Mungu naye amekatika. Hata Biblia haijaficha: Zaburi 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na bado imewekwa mle ndani isomwe.

Kwa hivyo ukiwa mkavu, punguza ukubwa wa mambo. Soma mistari michache, kwa lugha unayoielewa; kuna mtu aliiendeleza kazi hiyo akiwa na kaburi pembeni. Tafuta mtu mmoja wa kusali naye, si lazima umati. Fanya kazi moja ya kusaidia mtu, hata kama huna mzuka. Na kama ukavu umegeuka huzuni isiyokuacha ulale wala ule, ongea na mtu mzima unayemwamini na umwone daktari pia.

Halafu mwambie Mungu ukweli: "Sisikii kitu, lakini niko hapa." Usiongeze chumvi. Hiyo nayo ni sala.