Bosambo na Ngozi ya Chui

Niliitafuta filamu ya Sanders of the River, ya mwaka 1935, kwa sababu moja tu: kumwona Kenyatta. Nilikuwa nimesoma kwamba Jomo Kenyatta, enzi zile akiishi London kwa kubangaiza, aliigiza humo kama chifu mdogo katikati ya umati. Nilirudisha nyuma mara kadhaa. Kisha nikamsahau, maana Paul Robeson alikuwa anaimba.

Robeson amevaa ngozi ya chui. Ni Bosambo, chifu anayemtii Sanders, mtawala wa Kiingereza. Mtu huyu, baba yake alizaliwa mtumwa, naye akahitimu sheria Columbia mwaka 1923. London alikuwa akisoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Alikubali kazi ile kwa sababu mwongozaji, Zoltan Korda, alikuwa amerudi kutoka Afrika na picha na sauti za ngoma halisi. Robeson aliamini dunia sasa ingeona thamani ya utamaduni wetu. Filamu ilipotoka, ilianza kwa maneno ya kuwasifu Wazungu wachache wanaotawala mamilioni ya weusi.

Aliikana. Alisema sura ya kikoloni ilipachikwa mwishoni. Hapo simwamini sana. Katika hadithi za Edgar Wallace, zilizokuwa zimesomwa miaka mingi, Bosambo ni mfungwa mtoro aliyejipatia uchifu kwa ujanja na kuishi kwa hisani ya Sanders. Hilo halikupachikwa na mtu dakika za mwisho. Nadhani alitamani sana ngoma zile, akafumba jicho moja. Nani hajawahi?

Lakini hakubaki na visingizio. Kwa Song of Freedom, mwaka 1936, alidai katika mkataba haki ya kuidhinisha filamu ikishahaririwa. Katika The Proud Valley, ya 1940, akawa mchimba makaa Wales, mtu mzima miongoni mwa watu wazima. Halafu akateleza tena: Tales of Manhattan, 1942, wakulima maskini weusi wanaookota fedha zilizoanguka kutoka angani na kudhani ni Mungu kazileta. Watu walipopinga, alisema angeungana nao kuandamana dhidi ya filamu yake mwenyewe. Hakuigiza tena Hollywood. Alikuwa na miaka 44.

Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kwa sababu ya siasa zake, akairudishiwa 1958. Hadithi hiyo inajulikana zaidi, na ushujaa wake ni mwepesi kuuona. Mimi hunirudia ile ya ngozi ya chui.

Na wimbo wa makasia. Haukutoka mto wowote wa Afrika. Aliutunga Mischa Spoliansky, mzaliwa wa Urusi. Nimeujua uongo wake tangu siku ile, na bado najikuta nikiuimba nikiosha vyombo.